Kisanduku Kitupu Kwenye Ukuta wa Lavonne

Lavonne Skaggs aliuita mchezo wa kirafiki, na kwa miaka mingi ulikuwa hivyo kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kushinda kitu anachokihitaji. Mshindi alipewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na huku kwetu Kentucky nyumba isiyo na paja la namna hiyo ni nyumba ya mtu aliyehamia jana. Kwa hiyo mshindi alilipokea, akapigwa picha, akampelekea mama mkwe. Watu wakacheka. Urafiki haumchoshi mtu pale kinachogombewa ni kitu anacho tayari nyumbani.

Kisha ukaja mwaka ambao zawadi ilikuwa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, nikawaona watu niliofanya nao biashara nusu ya umri wangu wakigeuka kitu ambacho hadi leo kinanitia kichefuchefu. Nitayasema. Lakini nianze na Lavonne, maana yeye ndiye aliyebebeshwa uchafu wote.

Baba yake alikuwa mpasua mbao huko juu bondeni. Lavonne alishuka akiwa msichana, akaja kuosha vyombo kwenye mgahawa ulio ndani ya mnada wetu wa ng'ombe, mlango mmoja unatazama ulingo wa kuuzia, mwingine unatazama mazizi. Akaolewa na dereva mmoja, Skaggs, aliyeondoka asubuhi na shehena ya maksai kwenda Kansas. Maksai walifika. Yeye hakurudi. Lavonne hakumtafuta, alisema kati ya wale waliosafiri, maksai ndio waliokuwa na bima.

Mgahawa aliupata kwa njia ninayoiheshimu. Bibi aliyekuwa nao alishaharibika magoti, akataka kuuza, na Lavonne hakuwa na kitu mfukoni. Wakakubaliana kwamba Lavonne auchukue, ila kila Jumanne, siku ya mnada, ampelekee bibi pai nzima mpaka atakapokufa. Yule bibi alikuwa anaonekana wa kumaliza majira mawili hivi. Akaishi miaka na miaka. Lavonne alipika, tufaha, cheri, malenge, hakuruka hata Jumanne moja, na siku ya mazishi alisema tu kwamba pai ile ya mwisho ilikuwa ghali. Huyo ndiye Lavonne. Akishakubali jambo halirudi, hata likimuumiza.

Mchezo wenyewe aliuanzisha kwa kuchoka na kelele. Kila Machi mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo yakianza, wanunuzi walikuwa wanabishana mezani mpaka mayai yanapoa. Akawaletea karatasi zenye ule mti wa mashindano, timu sitini na nne pembeni, matawi yanapungua yanapungua mpaka kisanduku kimoja katikati, cha bingwa. Akasema: kila mtu aandike anavyodhani, kwa kalamu ya wino, anipe kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi, mpira wa kwanza unaporushwa. Baada ya hapo karatasi zinapigiliwa misumari ukutani na haziguswi. Atakayepatia zaidi ndiye mshindi, na anayepatia bingwa anapata pointi nyingi kuliko za kingine chochote. Yeye mwenyewe hakucheza. Alikuwa mwamuzi. Nadhani ndipo mahali pekee watu wale walipomsikiliza bila kuwa na njaa.

Kuna jambo moja la kuelewa. Kwetu, jina la timu yetu, ya chuo cha jimbo letu, haliandikwi kwenye kile kisanduku cha bingwa. Hata mimi silitaji hapa. Mwaka mmoja mchungaji wa kanisa aliliandika kwa herufi kubwa, na timu ikatolewa kwa pointi moja na chuo ambacho hatukujua hata kiko jimbo gani. Tangu hapo mtu anayeamini tutachukua ubingwa hukiacha kisanduku kitupu. Lavonne akikiona kitupu, anasoma timu yetu. Hakuna aliyewahi kuuliza. Ni kama kwenye ulingo wa mnada: dalali hasubiri useme, anaona nyusi tu, na ng'ombe ni wako.

Sasa Dwight Sprague. Huyu ni mtu wa Ohio, dereva wa lori la maziwa, aliyemwoa Regina, binti wa Hobert Cundiff. Hobert ndiye mnunuzi mkubwa wa ndama katika kaunti yetu, ana malisho pande mbili za barabara, na asiponunua yeye Jumanne bei inaanguka. Regina alirithi kwa bibi yake kipande cha ardhi chenye nyasi nzuri na kisima. Dwight akakizungushia uzio kwa mikono yake, uzio wa heshima kabisa, nguzo zimenyooka. Ndani ya uzio hamkuwa na mnyama hata mmoja. Kila alipokaribia kununua, jiko liliungua au mtoto alivunjika mkono.

Hobert alikula utamu wa jambo hilo kila wiki.

"Mkwe wangu anafuga nyasi," alikuwa anasema, akimwagia chumvi mayai yake. "Dwight, ukizichinja hizo nyasi usinisahau maini."

Meza nzima inacheka. Arvil Roundtree, aliyekaa kulia kwa Hobert tangu sijui lini na kazi yake ni kuongeza, anaongeza: "Angalau hazivunji uzio."

"Nitapata ng'ombe, Mzee Cundiff," Dwight anajibu. Anajibu hivyo hivyo kila mara, polepole, kama anayejibu swali la kweli.

"Kwangu hutapata. Mtu hapewi ng'ombe kwa sababu analala na binti yako."

Mwaka huo Kanali Prewitt, mwenye mnada na dalali wake (madalali wote huku tunawaita makanali, hata asiyewahi kushika bunduki), alikuwa amefanya majira mazuri. Akaingia mgahawani mwanzoni mwa Machi akasema paja la nguruwe limemchosha, mwaka huu mshindi wa Lavonne atapata mtamba. Mweusi, mgongo ulionyooka, mimba changa ya dume mzuri. Nilikwenda kumtazama zizini. Sikuona kasoro, na mimi riziki yangu ni kuona kasoro.

Nilimkuta Dwight hapo, ameegemea vyuma.

"Unamwonaje?" akaniuliza.

"Ni mnyama. Ana miguu minne."

"Akizaa jike, nitakuwa na wawili."

"Akizaa dume utakuwa na mmoja na nyama."

Akatabasamu. Kila Jumanne baada ya hapo alikuwa pale, kama mtu aliye na mgonjwa wodini.

Siku ya Jumatano, kesho yake mashindano yaanze, nilikuwa nje kwenye mizani na ng'ombe wangu waliokonda. Mimi hununua waliokonda. Walionona wana wenyewe. Kwa hiyo yaliyotokea mezani sikuyasikia, na siuzi nisichokuwa nacho. Nasema alivyonisimulia Lavonne, na baadaye yalivyothibitika.

Hobert alileta karatasi yake. Matawi yote yamejazwa. Katika mchezo wa fainali kaweka timu yetu na chuo kimoja cha magharibi, wale wa jezi nyeusi. Kisanduku cha bingwa, kitupu. Lavonne akaitazama na kusema, kwa kumtania, kwamba hakujua Hobert ana imani kiasi hicho.

"Imani gani?" Hobert akasema, meza nzima imejaa. "Wale watoto hawawezi kufunga mtupo wa bure hata kikapu kikiwa kimewekwa sakafuni. Sijaamua, Lavonne. Weka hapo. Nikiamua kesho asubuhi nitarudi kuandika."

"Kabla ya saa sita."

"Kabla ya saa sita, mama."

Alhamisi tela lake lilikwama matopeni na ndama ndani, hakurudi. Saa sita ilipogonga Lavonne akazipigilia karatasi zote, na ya Hobert ikiwamo. Aliniambia hakufikiri sana. Kisanduku ambacho mwenyewe kasema hajaamua hakina pointi, basi, na isitoshe nani alidhani timu yetu ingefika mbali mwaka ule.

Lililowashtua watu mchana huo lilikuwa jingine. Arvil alikuwa anazipitia karatasi ukutani, kahawa mkononi, mara akasimama kama aliyeona nyoka.

"Nani kaandika hili?"

Ilikuwa karatasi ya Dwight. Katikati kabisa, kwa wino wa bluu, jina la timu yetu. Lote.

"Mimi," Dwight akasema.

"Mkeo hakukwambia?"

"Aliniambia nisiandike upuuzi. Nikaandika ninachoamini."

"Ametuua," mzee mmoja akasema kutoka kaunta. "Mtu wa Ohio ametuua, na bado hatujala."

Walimtaka Lavonne aifute. Akasema ikishapigiliwa haiguswi. Walimtaka aitundike upande wa pili wa ukuta, chooni, popote. Akawauliza nani kati yao ananunua ukuta.

Basi wakamwadhibu Dwight kwa njia yao. Timu yetu ilipocheza, hawakumruhusu kukaa mbele ya televisheni. Mchezo wa kwanza walimsimamisha jikoni. Tukashinda kwa taabu. Mchezo wa pili wakamtoa nje kwenye mazizi, na tukashinda kwa raha, kwa hiyo wakaamua kwamba nje ndiyo dawa. Mvua inanyesha, mtu mzima amesimama chini ya bati pamoja na ng'ombe, anasikiliza kelele za mgahawani ajue kama amefunga au amefungwa. Yeye alikubali. Alisema ikisaidia, haya. Watu wangu hawa walimcheka wiki tatu nzima, na wiki tatu nzima timu ikashinda. Hakuna aliyesema labda kijana aliona kitu.

Usiku wa fainali alikaa kwenye gari lake, taa zimezimwa, dirisha limeshushwa kidogo. Wale wa jezi nyeusi walituongoza mpaka dakika ya mwisho. Kisha mtoto wetu mmoja, mmoja wa wale wa mitupo ya bure isiyoingia, akaingiza miwili. Mgahawa ulilia. Watu wazima walikumbatiana na kumwagiana soda. Lavonne ndiye aliyetoka kwenda kumwambia Dwight.

Yeye pia ndiye aliyekaa baadaye na kalamu, akajumlisha. Wote walioacha kitupu walipata pointi za bingwa, kama kawaida, lakini walikuwa wamekosea kwingine. Waliokuwa juu ni wawili. Hobert asipopewa pointi za bingwa, alikuwa wa nne na Dwight wa kwanza. Kisanduku cha Hobert kikihesabiwa, Hobert wa kwanza na Dwight wa pili.

Jumanne asubuhi watu walijaa. Lavonne akasimama mbele ya ukuta na aproni yake, akasema mshindi ni Dwight Sprague.

"Subiri kidogo, Lavonne," Hobert akasema, bila hata kuacha kukata mkate wake. "Mimi nimeacha kitupu."

"Uliacha kitupu kwa sababu hujaamua."

"Nani kasema?"

"Wewe. Hapo hapo ulipokaa."

"Sikumbuki hilo. Ninachokumbuka ni kwamba mgahawani hapa kisanduku kitupu ni timu yetu, na ndivyo ilivyokuwa tangu mchungaji yule. Au desturi imebadilika baada ya mtu wa Ohio kuja?"

Lavonne akageukia meza. Kwenye mnada wetu wawili wakigombea mnyama, dalali huwauliza waliokaa karibu nani alitangulia kunyanyua, na waliokaa karibu husema. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna iliyoandikwa inayoizidi.

"Arvil, ulikuwa umekaa hapo. Alisemaje?"

Arvil akatazama mchuzi wake. "Kulikuwa na kelele siku ile, Bi Lavonne."

"Na wewe?" akamwuliza aliyefuata. Huyo akasema masikio yake si ya zamani. Mwingine alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Mwingine anadhani alikuwa chooni. Lavonne alipita meza nzima, mmoja mmoja, akiwaita kwa majina yao. Wanane. Kila mmoja ana ndama wa kuuza, na kila mmoja alijua nani anayewanunua. Nimeona watu wakidanganya kuhusu umri wa ng'ombe huku wameshika meno yake, na sikuchukia, hiyo ni biashara. Lakini watu kunyamaza huku wanatafuna, mafuta ya nyama yanawashuka kidevuni! Nilisukuma sahani yangu mbele.

"Mimi nilikuwa kwenye mizani," nikamwambia aliponifikia.

"Najua," akasema.

Dwight alikuwa amesimama mlangoni. Lavonne akamtazama, akautazama ukuta.

"Siwezi kupasua kichwa cha mtu nione alikuwa anawaza nini," akasema mwishoni. "Na siwezi kuwa shahidi na mwamuzi kwa mkupuo. Kama hakuna aliyesikia, desturi ndiyo itakayoamua. Mtamba ni wa Hobert."

Hobert akamaliza mayai yake.

Angalau angempeleka mtamba malishoni kwake ningesema sawa, ni tamaa, tamaa naielewa, imenilisha. Lakini hakumhitaji. Ana mia kadhaa. Alimwacha pale pale zizini kwa Kanali, akamwandikisha auzwe Jumanne iliyofuata. Alichotaka ni Dwight asipate, na alishakipata.

Jumanne hiyo nilikaa safu yangu ya kawaida. Arvil alikuwa kando yangu, akitafuna tumbaku. Nilikuwa nimemhesabia yule mtamba nafasi kwenye tela langu tangu asubuhi; bei ikiwa nzuri, ni wangu. Akaingizwa ulingoni, akazunguka mara moja, vumbi la mbao likamganda kwenye kwato. Dwight alikuwa amesimama chini, karibu na lango.

Kanali akaanza juu, dola elfu mbili na mia tano, na ule wimbo wake wa kasi. Kimya. Akashuka elfu mbili. Kimya. Nikatazama huku na huku. Watu wote wamekunja mikono. Elfu moja na mia tano. Hata mtoto angejua hapo anaokota. Nikaanza kunyanyua kidole.

Arvil akanikamata kifundo cha mkono.

"Mwachie kijana," akanong'ona.

"Kijana gani?"

"Dwight. Tumekubaliana. Hakuna anayenyanyua. Atampata kwa bei ya mbuzi."

Basi ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamekutana, wakapanga, wakajisikia wema. Mdomo ulioogopa kusema neno moja mbele ya Hobert sasa ulikuwa umepata ujasiri wa kufumbwa, kwa sababu kufumba hakuna gharama. Hobert alikuwa upande wa pili, uso mwekundu, anaona mnyama wake anashuka.

"Elfu moja," Kanali akaimba. "Elfu moja kwa mtamba mwenye mimba, jamani, mmelala? Mia nane? Nipeni mia nane."

Watu wakaanza kumtazama Dwight. Wengine wakimkonyeza. Mmoja akainua kidevu: haya, nyanyua.

Dwight akaingiza mikono yote miwili mfukoni.

"Mia tano," Kanali akasema, na hakuimba tena. Alisema. "Dwight, mwanangu, mia tano."

"Sinunui kitu changu, Kanali," Dwight akasema. Hakupaza sauti, ila palikuwa kimya kiasi kwamba hakuna aliyelikosa.

Mia tano! Mimi ningenunua. Naandika hivyo hivyo bila kupamba: ningenunua, ningemtia kwenye tela, na heshima yangu ningeishughulikia njiani. Na ningenunua hata wakati ule kama Arvil asingekuwa na mkono kama koleo. Kanali akangoja, akapiga nyundo yake ubaoni, akasema hakuna mnunuzi. Mtamba akatolewa kama alivyoingia.

Mgahawani walikuwa wamechukia, na waliyemchukia ni Dwight.

"Kiburi," mmoja alikuwa anasema nilipoingia. "Mtu unamwekea chakula mdomoni, anakitema."

"Ohio hiyo," Arvil akasema.

Hobert alikuwa ameshakaa mahali pake, anakoroga kahawa kwa nguvu. Dwight alikaa peke yake kaunta. Lavonne alikuwa anafuta meza. Mimi nilikuwa na hasira zangu, hasira za mtu aliyekoseshwa biashara, na sikuona sababu ya kuzificha.

"Arvil, umenikosesha mnyama kwa mia tano," nikasema. "Mkono wako una deni kwangu."

Kitambaa cha Lavonne kikasimama. "Kakukoseshaje?"

"Alinikamata. Akasema wote wamekubaliana wasinyanyue, wamwachie Dwight."

Lavonne akamgeukia Arvil. "Mumwachie Dwight kwa nini?"

"Aa, Bi Lavonne. Ilikuwa ni kumsaidia tu."

"Mbona hamkuwahi kumsaidia? Amekaa hapo miaka mitatu mnamcheka nyasi zake. Leo mmeingiwa na nini?"

"Si unajua."

"Mimi najua. Nataka nijue wewe unajua nini."

Arvil akamtazama Hobert, akatazama chini, akatazama wenzake wamtoe. Hakuna aliyemtoa. Walishazoea kunyamaza, na sasa walimnyamazia yeye.

"Mlikuwa wanane," Lavonne akasema. "Kama hamkusikia kitu Jumatano ile, mtamba alikuwa wa Hobert kihalali, na mnyama halali wa mtu humwachii mwingine kwa bei ya mbuzi. Huo ni wizi. Kwa hiyo niambie, Arvil. Mlikuwa mnamwibia Hobert, au mlisikia?"

Arvil akatema tumbaku kwenye kikopo chake.

"Alisema hajaamua," akasema. "Haya. Alisema hajaamua, atarudi kuandika. Sote tulisikia."

"Kwa hiyo leo mmeota masikio," Hobert akasema.

Safari hii hakuna aliyetazama sahani yake. Lavonne akaenda mpaka mbele ya Hobert akanyoosha mkono. Mnyama hatoki kwenye mazizi ya Kanali bila kile kikaratasi cha kibali, na kibali alikuwa nacho Hobert kwenye mfuko wa shati, juu ya kalamu zake.

"Kibali."

"Nawanunulia ndama watu wote waliomo humu, Lavonne."

"Na Jumanne ijayo utawanunulia tena, kwa sababu unapata faida. Kibali, Hobert."

Hobert alizungusha macho kutafuta mmoja tu wa kumwunga mkono. Nilimwona akitafuta, na nakiri iliniridhisha, maana ndicho alichokitafuta Lavonne wiki iliyopita mezani hapo hapo. Akatoa kibali, akakiweka kando ya kikombe, si mkononi mwa Lavonne. Akavaa kofia, akatoka. Alipopita nyuma ya Dwight hakumtazama.

Dwight alikuja, akakichukua, akamwambia Lavonne asante kama mtu aliyerudishiwa chenji. Wale wanane hakuwaambia kitu. Akatoka kwenda kumpakia mnyama wake. Nilimwona kupitia dirishani akimvuta, na mtamba amegoma kwenye ubao wa lori la kuazima kama mitamba yote.

Ndani, watu walikuwa wameshaanza kucheka. Mabega yameshuka, viti vinasogezwa. Mmoja akampiga Arvil mgongoni, akamwambia amefanya kazi ya kiume.

"Unaona, Bi Lavonne," Arvil akasema, sauti imemrudia. "Haki imepatikana. Sasa tukatie pai, tusherehekee. Na mwakani Kanali atoe fahali."

Lavonne alienda jikoni. Wakadhani anafuata pai. Akarudi na nyundo.

Alianza kushoto. Aligeuza nyundo upande wa makucha, akang'oa misumari mmoja mmoja, na kila karatasi aliyoishusha aliipeleka mezani akaiweka mbele ya mwenyewe, juu ya chakula kama chakula kilikuwapo. Hakuwa na haraka. Ukuta ulibaki na matundu.

"Bi Lavonne, yamekwisha," mzee wa masikio mabovu akasema. "Kijana kapata wake."

"Kapata," akasema. "Jumanne ile nilihitaji mmoja wenu aseme neno moja. Mmoja. Ningempikia mpaka afe."

"Tulisema leo."

"Leo mlitolewa kama ndama anayezaliwa vibaya, kwa kamba." Akaishusha ya mwisho, ile ya Hobert, akaikunja akaitupa kwenye ndoo. "Mnataka mchezo, tafuteni ukuta mwingine."

Walidhani ni hasira na itapita. Machi iliyofuata Arvil akamwuliza, kwa heshima, kofia mkononi, kama karatasi zimefika. Lavonne akamwuliza kama anataka kahawa au hataki.

Akasema anataka.